Intaneti Salama na ya Kuaminika: Maswali Tunayoulizwa Sana Lamu

Maswali haya tumeyakusanya barazani Mkunguni, kwenye vikao vya akina mama Langoni, na ndani ya mashua za kutoka Mokowe, ambako mtu akijua unashughulika na mambo ya mtandao hakuachi hadi mfike jeti. Tumeyapanga kuanzia yale ya mwanzo hadi yenye utata. Sheria ni za Kenya nzima, mifano ni ya huku kwetu.

## Mambo ya msingi

1. Mkisema "intaneti salama na ya kuaminika" mwasema nini hasa?

Twasema mambo mawili. Usalama ni kutotapeliwa, kutosumbuliwa hadi ukaukimbia mtandao, na mtoto kutofikiwa na mtu asiyemjua. Kuaminika ni zaidi ya hapo: ni kujua kwamba ukipatwa na hayo, yupo wa kukusikiliza, mwenye ofisi na mwenye siku maalumu za kukujibu.

Wengi wanaotujia hawaulizi namna ya kujikinga. Wameshadhulumiwa, na wanauliza waende wapi. Ndiyo maana kila sera ya mtandao tunaipima kwa bibi wa Pate mwenye kabambe (simu ndogo ya vibonyezo): akidhulumiwa leo jioni, kesho asubuhi abishe hodi wapi?

2. Kwa nini liwe jambo la serikali? Si kila mtu ajichunge?

Kujichunga ni lazima, lakini kuna mpaka. Bahari ikichafuka nahodha hushusha tanga mwenyewe. Mnara wa taa haujengwi na nahodha mmoja mmoja. Huwezi peke yako kumzuia mtu asisajili laini kwa kitambulisho chako, wala kuamua nakala yake ikae miaka mingapi kwenye droo ya hoteli, wala kuilazimisha kampuni ya ng'ambo iajiri mtu anayesoma Kiswahili. Hayo ni ya Bunge, ya mamlaka husika na ya kampuni zenyewe.

3. Kwani hakuna sheria tayari?

Zipo, na si chache. Katiba ya 2010 inalinda faragha katika Kifungu cha 31 na uhuru wa kujieleza katika Kifungu cha 33. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ni ya 2018. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019, nayo ndiyo iliyounda Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Juu ya hizo kuna Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, inayosimamia kampuni za simu na intaneti, na Benki Kuu, inayosimamia wanaokopesha kwa simu.

Tatizo tunaloliona si uhaba wa sheria. Mtu wa Faza hajui ni ipi kati ya ofisi hizo inayohusika na shida yake, na akikosea mlango hurudishwa mikono mitupu.

4. Mkipewa nafasi ya kuchagua, mngetaka serikali ianze na lipi?

Tungeanza na kusikilizwa. Pawe na mahali pamoja katika kila kaunti, hata kama ni dawati moja ndani ya Huduma Centre (kituo cha huduma za serikali), ambapo lalamiko lolote la mtandao linapokelewa kwa Kiswahili, kwa mdomo au kwa maandishi, kisha mpokeaji ndiye alipeleke kunakohusika. Asiyelijua faili lake liko wapi asitumwe kulitafuta.

La pili, ofisi na biashara zichukue data kidogo zaidi. Kisichokusanywa hakiibiwi. La tatu ni watoto. La nne ni mtandao usizimwe kwa amri, kwa sababu huwezi kuliamini jambo linaloweza kuondolewa siku unayolihitaji zaidi.

Makosa mapya ya jinai hatukuyaweka hapa, na hilo ni makusudi. Sababu ziko kwenye majibu ya 13 na 14.

## Pesa na laini

5. Nimetapeliwa kwa simu. Nianze wapi?

Kwanza tukueleze ilivyokuwa kwa bi mmoja wa Langoni, kwa sababu hadithi yake ni ya wengi. Simu ililia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mafuta yako motoni, mahamri yameanza kufura. Mpigaji alimtaja kwa majina yake matatu, akajitambulisha kuwa wa kampuni ya simu, akasema laini itafungwa baada ya dakika kumi asipoithibitisha. Bi akabonyeza alichoambiwa, kwa kidole chenye unga. Zikaondoka shilingi 14,300, na hazikuwa zake peke yake: zilikuwa za mchezo wa kuchangiana, na siku hiyo ilikuwa zamu ya mwenzake kupokea.

Likikupata hilo, kata simu, kisha badilisha namba ya siri mara moja. Piga huduma kwa wateja ya kampuni yako dakika hiyo hiyo, kwani pesa ikishatolewa kwa wakala kuirudisha ni vigumu. Kwa wa Safaricom, ujumbe wa utapeli hupelekwa 333 bila malipo. Na kama ulituma pesa kwa namba isiyo sahihi, ujumbe wa muamala hupelekwa 456. Kampuni hiyo imetangaza kwamba huwapigia wateja kutoka 0722 000 000 pekee. Kisha nenda polisi uandikishe, na usiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Bila namba hiyo, kesho utaanza upya.

Yule bi aliyafanya yote haya. Kilichomchosha ni kuzungushwa: ofisi ya kwanza ilimwambia alete karatasi, ya pili ikasema karatasi hiyo haitoki bila barua ya ile ya kwanza. Akapoteza siku tatu za kuuza. Sisi twaona kila wizi wa pesa za simu ungepaswa kuwa na namba moja ya kumbukumbu inayotambulika na kampuni, polisi na benki, ili karatasi zizunguke zenyewe na mwenye shida abaki dukani kwake.

6. Nitajuaje kama kuna laini zilizosajiliwa kwa jina langu?

Bonyeza *106# kisha fuata maelezo. Ukiona namba usiyoijua, nenda dukani kwa kampuni husika uikane. Tulipofanya zoezi hili kwenye kikao kimoja Mkomani, mzee mmoja alikuta laini mbili ambazo hakuwahi kuzishika mkononi. Laini kama hiyo ikitumiwa kutapeli, jina litakaloonekana kwanza ni lako.

Kwa wa Safaricom, *100*100# inaifunga laini isibadilishwe na mtu mwingine bila wewe kwenda dukani mwenyewe. Ni jambo la dakika moja, na ndilo la kwanza tunalomwambia kila mtu.

7. Nilichelewa kulipa mkopo wa simu, wakawatumia ujumbe watu wote ninaowajua. Wanaruhusiwa?

Hapana. Kanuni za Benki Kuu za 2022 kuhusu wanaokopesha kidijitali zinawakataza kuchota majina kwenye simu yako ili kuwaaibisha wanaodaiwa, na pia kutisha na kutukana. Deni linabaki deni, ulipe; lakini njia hiyo ya kudai ni kosa. Hifadhi jumbe, waombe jamaa waliozipokea nao wazihifadhi, kisha angalia kama mkopeshaji yumo katika orodha ya waliopewa leseni na Benki Kuu. Lalamiko lipeleke huko na pia kwa Kamishna wa Data (tazama swali la 10).

8. Sina kitambulisho. Nitapataje laini?

Laini husajiliwa kwa kitambulisho, na hapa Lamu kitambulisho kina historia yake. Vijana wengi wa Kibajuni na wa Boni wamekaa miaka wakihojiwa na kamati, wakitakiwa kuleta vyeti vya babu ambaye hakuwahi kuwa na cheti. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa uhakiki huo wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani. Ukikataliwa sasa, iombe ofisi iandike sababu. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa kwa maandishi.

Kwa sasa wasio na kitambulisho hutumia laini za wenzao. Hivyo pesa ya mvuvi inakaa kwa jina la shemeji, na siku wakikosana hana pa kudai. Watunga sera wakizungumza juu ya utambulisho wa kidijitali, tungependa waanze na mtu huyu. Mfumo unaomwacha nje mwenye haki hauwezi kuitwa salama.

## Data yako

9. Hoteli, lango la ofisi, duka la simu: kila mahali wanataka nakala ya kitambulisho. Ni lazima niwape?

Inategemea. Sheria ya 2019 inamtaka anayekusanya data akueleze anaichukua kwa nini na nani mwingine ataiona, na achukue kile tu kinachohitajika kwa kazi hiyo. Kusajili laini kunahitaji kitambulisho. Kuingia jengo kwenda kumsalimia mtu kunahitaji, kwa maoni yetu, jina lako tu.

Uliza kwa adabu: "Ndugu yangu, nakala hii mtaiweka wapi, na mtaiharibu lini?" Mara nyingi mlinzi hana jibu, na si kosa lake, hakuelezwa. Mimi mwenyewe niliwahi kufungiwa samosa ndani ya nakala ya kitambulisho cha mtu, picha yake imelowa mafuta, namba zote zinasomeka. Naikumbuka karatasi ile kila nikiombwa nakala.

Data ikivuja na kuna hatari kwa wenyewe, aliyeihifadhi anapaswa kumwarifu Kamishna ndani ya saa 72. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kwa kampuni kubwa hilo si tishio, na tungependa Bunge liliangalie tena neno hilo "kidogo".

10. Nampelekea vipi Kamishna lalamiko? Mama yangu hajui kuandika.

Sheria inaruhusu kulalamika kwa maandishi au kwa mdomo. Ukilalamika kwa mdomo, ofisi ndiyo inayopaswa kuyaandika maneno yako. Jambo hili halijulikani, na lingefaa kutangazwa redioni kila wiki. Lalamiko linatakiwa kukamilishwa ndani ya siku 90, na usiporidhika unaweza kukata rufaa Mahakama Kuu. Mtu pia anaweza kulipwa fidia.

Andaa mambo manne kabla ya kwenda: nani alichukua data, lini, aliifanyia nini, na wewe umedhurika vipi. Ukiwa na ujumbe au karatasi, chukua picha yake kwanza.

11. Wakija watu kutupiga picha za macho au kuchukua alama za vidole kwa malipo, tukubali?

Uliza kama tulivyosema katika jibu la 9, kisha ongeza moja: nikibadili nia kesho, mtaifuta vipi? Neno la siri likiibwa hubadilishwa. Jicho halibadilishwi.

Nchi ilishalipitia hili. Agosti 2023 serikali ilisimamisha shughuli za Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, baada ya watu kupanga foleni Nairobi kupigwa picha za macho, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hiyo ifutwe. Serikali yenyewe nayo ilirudishwa nyuma: Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema utoaji wa kadi za utambulisho za Huduma ulikiuka sheria kwa kuanza bila tathmini ya athari kwa data za watu. Kanuni ya "tathmini kwanza, mradi baadaye" inamhusu kila mtu, awe na pesa za ng'ambo au na muhuri wa serikali.

## Watoto na wanawake

12. Picha za watoto na picha za faragha zinasambazwa. Kuna lolote la kufanya?

Kwa picha za watoto, shule au madrasa inahitaji idhini ya mzazi kabla ya kuzitangaza. Septemba 2023 Kamishna alitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Twajua picha za Maulidi ni za furaha na hakuna mwalimu mwenye nia mbaya. Karatasi ya idhini mwanzo wa mwaka inatosha, maalim.

Picha za faragha ni jambo zito zaidi. Sheria ya 2018 inafanya kuzisambaza kuwa kosa, kwa kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi 200,000. Usimlipe anayekutisha, akilipwa hurudi. Hifadhi namba yake, tarehe na maneno yake kabla hujamfungia. Ripoti ndani ya programu yenyewe, kisha polisi. Kwa msaada wa kuzungumza na mtu, 1195 hupokea simu za ukatili wa kijinsia na 116 ni ya watoto. Zote ni bure.

Tahadhari moja: kama aliye pichani ni mtoto, usiitume kwa yeyote, hata kama nia yako ni kutoa ushahidi. Kuisambaza ni kosa kubwa. Peleka simu yenyewe polisi.

Na kwa wazazi: binti akikujia na jambo hili, usianze kwa kumpokonya simu. Wasichana tuliozungumza nao walinyamaza miezi kadhaa kwa kuogopa hasira ya nyumbani kuliko walivyomwogopa mtishaji.

## Maneno na uvumi

13. Nikisambaza habari ambayo baadaye yaonekana si kweli, nitakamatwa?

Sheria ya 2018 iliandika makosa ya kuchapisha habari za uongo kwa adhabu kali, na vifungu hivyo vimepingwa tangu mwanzo. Mei 2018 Mahakama Kuu ilisimamisha vifungu 26. Februari 2020 ikaviruhusu. Oktoba 2025 sheria ikafanyiwa marekebisho, na baada ya siku chache Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu ya kifungu cha unyanyasaji mtandaoni. Kuvutana huku kunaonyesha ugumu: neno "uongo" mkononi mwa askari linaweza kumfikia tapeli, na linaweza kumfikia mwandishi aliyeuliza pesa za zahanati zilikwenda wapi.

Hapa kwetu uvumi unaua biashara na unaweza kuua watu. Usiku mmoja tuliletewa picha ya basi linaloungua, chini yake: "Leo, barabara ya Witu, msisafiri." Kabla ya kuisambaza tulimpigia kondakta tunayemjua. Alikuwa Mokowe, anashusha magunia ya mahindi. Tulipoitazama tena picha, vibao vya barabarani nyuma ya basi vilikuwa vya lugha nyingine. Ilituchukua dakika nne. Kundi moja la watu 200 lilikuwa limeshaipokea mara tatu.

Dawa ya uvumi wa usalama ni taarifa rasmi inayotoka mapema. Ofisi husika zikikaa kimya saa sita, watu hujaza kimya hicho kwa lolote walilonalo.

14. Baada ya Shakahola, kwa nini mahubiri yote ya hatari yasifungiwe?

Shakahola si mbali nasi, ni Malindi. Mwaka 2023 zaidi ya miili 400 ya waumini wa mhubiri aliyedaiwa kuwaagiza wafunge hadi kufa ilifukuliwa katika msitu ule, na mafundisho yaliyowafikisha watu kule yalikuwa yamesambazwa kwa televisheni na mtandaoni, kwa Kiswahili. Tunaelewa kwa nini mtu anataka kufunga kila kitu. Wengi wetu tuna jirani aliyepoteza mtu.

Lakini tukumbuke ilivyokuwa. Mhubiri huyo alishakamatwa na kufikishwa mahakamani miaka kabla ya hapo. Jamaa walilalamika. Kamati ya Seneti iliyochunguza jambo hilo ilizilaumu taasisi zilizokuwa na taarifa na zisichukue hatua. Sheria ya kumzuia mtu asiwanyime watoto shule na chakula ilikuwapo. Aliyekosekana ni wa kuyachukua malalamiko ya jamaa na kuyafuata hadi mwisho. Kamera au sheria mpya isiyo na mtu huyo itaukuta msitu ule ule.

15. Facebook na TikTok wako ng'ambo. Tutawafikia vipi?

Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba Meta, kampuni yenye Facebook, inaweza kushtakiwa nchini Kenya, katika kesi za waliokuwa wakichuja maudhui yake mabaya Nairobi. Mlango umefunguka, ingawa ni wa wenye mawakili.

Kwa mtu wa kawaida shida ni lugha. Tuliripoti ujumbe uliomwambia mwanamke mmoja "anunue sanda mapema". Jibu lilikuja kwamba haukukiuka kanuni. Mashine iliona biashara ya nguo. Tunataka kampuni zilazimishwe kutaja hadharani zina watu wangapi wanaosoma Kiswahili, na wa Pwani ni wangapi miongoni mwao.

## Mtandao ukikatika

16. Mtandao ukipotea, nitajuaje kama ni hitilafu au umezimwa?

Wakati mwingine ni bahari. Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki yote ikaathirika. Wakati mwingine ni amri: Telegram ilizuiwa Novemba 2024 wakati wa mitihani ya kitaifa. Dalili moja ni kwamba hitilafu hugusa kila kitu, ilhali amri mara nyingi hugusa programu moja au siku moja maalumu.

Mei 2025 Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda ya kuzuia serikali isizime mtandao wakati kesi ikiendelea. Hapa kisiwani mtandao ndio unaomwita daktari, boti ya dharura na pesa ya nauli. Mama anayesafirishwa usiku kutoka Kizingitini hawezi kungoja mtihani wa kemia uishe.

17. Nataka kutoa maoni. Nipeleke wapi, na je, Kiswahili kinakubaliwa?

Kinakubaliwa. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge lishirikishe umma, na cha 196 kinalitaka bunge la kaunti vivyo hivyo. Matangazo ya kuomba maoni hutoka magazetini kwa muda mfupi, kwa hiyo andaeni karatasi yenu kabla hayajatoka.

Ukitaka taarifa kutoka ofisi ya umma, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa siku 21 kukujibu. Jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Andika swali moja lililo wazi. La kwetu la kwanza lilikuwa: "Mwaka uliopita mlipokea malalamiko mangapi ya utapeli wa simu kutoka Lamu, na mangapi yalifikishwa mahakamani?" Chini tuliandika majina yetu, namba ya simu, na kwamba tungependa jibu kwa Kiswahili.